Shira Isiyo na Ndimu

"Pika," Kupe alisema.

Mwanamke aliyesimama mbele ya jiko alidhani hakusikia vizuri. "Nipike nini, afande?"

"Shira ya maua. Kama unavyoipika siku zote. Usiruke hatua, usifupishe, wala usinionee haya."

Mlangoni, wifi yake aliruka juu. "Eti apike! Mama yangu yuko hospitali anapigania roho yake, aliyemnywesha sumu ni huyu hapa, halafu polisi wanamwambia washa jiko! Jamani, nimechanganyikiwa mimi au nyie?"

"Sisi, dada," Koplo alimjibu kwa upole, akamsogezea stuli. "Kaa kwanza."

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mke wa nyumba hii, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Shira, alikuwa akipika shira ya mawaridi jikoni kwake na kuiuza kwa chupa. Asubuhi alitoka kwenda kuonjesha hoteli moja iliyotaka kuwa mteja wake. Mumewe alikuwa safarini. Nyumbani akabaki mama mkwe peke yake. Mchana wifi mtu alipokuja kumjulia hali mama yake, alimkuta sakafuni sebuleni, ametapika, hajitambui. Mezani palikuwa na glasi tupu na chupa ya shira iliyopungua. Chupa ilikuwa ya Mama Shira, hilo halikuwa na ubishi. Basi nani angehangaika kuuliza swali la pili?

Kupe aliuliza. Inspekta huyu alikuwa na jina refu la heshima kwenye kitambulisho chake, ila kuanzia ofisini mpaka mahabusu hakuna aliyelitumia. Walimwita Kupe kwa sababu mwanamke huyu aking'ata jambo habanduki. Mkuu wa kituo alishampigia simu: mlete huyo mtuhumiwa, tumfungulie jalada, tushike mengine. Kupe akajibu sawa, atamleta. Hakusema lini.

Mama Shira hakuwa hata amefungua kitambaa kilichofunika bakuli la mawaridi, simu ikalia. Alikuwa daktari wa zamu. Kupe akaweka sauti ya juu ili wote wasikie.

"Afande, hali inazidi kuwa mbaya. Mapigo ya moyo yanashuka kila nikimpima. Waridi halifanyi hivi, hata ukila kichaka kizima! Alichokunywa ni kitu kingine. Niambie ni nini."

"Shira ya kwenye chupa tumeigawa, nusu iko maabara."

"Maabara wataleta majibu matangani! Sikiliza. Kuna mimea ambayo sumu yake hushika moyo namna hii, na dawa yake ipo, lakini haiko hapa kwangu. Iko hospitali kuu, imebaki kidogo, na hawaitoi kwa kubahatisha. Nitafutie huo mmea. Tafadhali, fanya haraka."

Wifi mtu aliangua kilio. Mama Shira alishika ukingo wa meza, mikono ikimtetemeka. Hapo sasa walikuwa wanawake wawili, mmoja kitandani na mwingine nusu hatua kutoka kwenye pingu, na wote wanasubiri jina la ua.

"Umesikia," Kupe akasema. "Pika, na uniambie kila unachofanya."

Mama Shira akavuta pumzi, akaanza. Mikono ilipogusa maua, ikaacha kutetemeka. Alisogea kwenye ubao wa kukatia, nyuma ya mlango wa jikoni, akashika waridi moja kwa ngumi, akang'oa petali zote kwa mkupuo, akazikata ncha za chini kwa mkasi.

"Hiki kitako cheupe ndicho kichungu," alisema. "Ukikiacha, shira yote unaimwaga. Mtu hawezi kuimeza."

"Hawezi kabisa?"

"Labda umlipe."

Koplo alicheka, akatazamwa vibaya na wifi mtu, akanyamaza. Mama Shira alizisuuza petali kwa maji baridi kuondoa wadudu, akazitia kwenye bakuli la kioo, akamimina maji yaliyotoka kuchemka, akafunika kwa sahani haraka harufu isikimbie. Maua hayachemshwi, alieleza. Ukiyachemsha unapata harufu ya kabichi, na hakuna hoteli itakayokununulia kabichi ya sukari.

Wakasubiri petali zitoe rangi yake. Kwa Kupe huo haukuwa muda wa kupumzika.

"Majirani wanasema asubuhi mlirushiana maneno na mama mkwe wako."

"Hatukurushiana." Mama Shira alitazama chini. "Nilirusha mimi. Nilikuwa nachelewa. Nikamwambia, mama, usiguse maua yangu."

"Mnasikia!" wifi mtu alidakia. "Amekiri mwenyewe! Na mama alikuwa hazipendi hizo shira zake, kila siku anasema maua ni ya makaburini, siyo ya kwenye glasi. Ndiyo maana huyu akamchoka!"

"Wewe ulipofika, mlango ulikuwaje?" Kupe alimgeukia ghafla.

"Umefungwa kwa ndani. Nina ufunguo wangu. Wa nyuma pia ulikuwa na komeo." Kisha akashtuka. "Kwa nini unaniuliza mimi?"

"Nauliza kila mtu, dada. Hata Koplo, nikikosa mtu mwingine, nitamuuliza."

Lakini hilo la komeo Kupe alilishika. Alikuwa ameanza kumfikiria muuza juisi wa pale kona, ambaye biashara yake ilidorora tangu shira ianze kusifiwa. Sasa hakuna mtu wa nje aliyeingia. Muuza juisi akafutwa hapo hapo.

Petali zilikuwa zimepauka, nyeupe kabisa. Mama Shira alichuja kwa kitambaa safi kilichotundikwa juu ya jiko, akakikamua taratibu, akarudisha maji motoni, akatia sukari, akakoroga kwa moto mdogo mpaka ikashika mgongo wa kijiko. Kupe alichungulia sufuriani, akakunja uso. Rangi ilikuwa ya maji ya kuoshea vyombo.

"Hii ndiyo inayonunuliwa?" Koplo aliuliza, hamu ikimtoka.

"Subiri basi."

Mama Shira akaepua sufuria, akazunguka nayo nyuma ya mlango kwenye ubao wake, akakata ndimu, akaikamua ndani. Lo! Sufuria nzima ikawaka. Ile rangi ya maji machafu iligeuka ya waridi mbele ya macho yao, ikaangaza, ikawa safi mpaka kijiko kikaonekana chini. Koplo alisema, "Mama yangu!" bila kujua kama amesema, na Kupe, ambaye kwa miaka yake yote ya kazi hakuwahi kushangilia kitu mbele ya mtuhumiwa, alipiga makofi.

"Ndimu ndiyo inayoirudisha rangi," Mama Shira alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ulikunjuka kidogo. "Bila ndimu, hakuna shira."

Kupe akachomoa mfuko wa kielelezo kutoka kwenye begi lake. Ndani yake ilikuwa ile chupa ya sebuleni. Akaiweka mezani kando ya sufuria. Humo mlikuwa na kitu kilichofifia, kizito, chenye vipande vya petali vikielea, na kila kipande bado kina kitako chake.

Mama Shira aliinama akaitazama. Akainuka taratibu. "Hiyo siyo yangu."

"Chupa ni yako."

"Chupa ni yangu, kasha zima liko koridoni, yeyote anachukua. Kilichomo siyo changu! Afande, angalia! Haikukatwa vitako, haikutiwa ndimu, hata kuchujwa imechujwa ovyo. Mimi nikipika kitu kama hiki nitahama mtaa!"

"Alifanya makusudi," wifi mtu alisema. "Kaipika vibaya ili aje aseme siyo yake."

Hoja haikuwa mbaya. Kupe aliipima, kisha akamsogelea mwenye hoja mpaka pua zikakaribia kugusana. "Na wewe, shira unajua kuipika?"

"Najua, tena sana! Nani alikuwa akimkamulia hizo ndimu kabla hatujakosana?"

"Maua huchumwa wapi?"

"Nyuma ya tangi la maji. Ile miche ya waridi niliileta mimi, nikaipanda kwa mikono yangu, leo yeye ndiye anaitwa Mama Shira!"

Kumbe kidonda kilikuwa hapo. Kupe alirudi nyuma, na badala ya kufurahi aliona njia yake inazibwa. Huyu wifi alikuwa na sababu ya kumchimbia shimo mke wa kaka yake, lakini angetaka kumsingizia, angetengeneza shira iliyofanana na ya mwenyewe, yenye rangi, yenye ndimu, kisha aitie sumu. Mama Shira naye angetaka kuua, angetia sumu kwenye shira nzuri inayonyweka. Hii ya kwenye chupa ilipikwa na mtu asiyejua. Na kwenye nyumba hii wote waliobaki walijua!

Alitoka jikoni hadi koridoni kichwa kikimuuma, akajitupa kwenye kiti cha kwanza alichokiona, kiti cha mbao chenye mto uliobonyea katikati.

"Hicho kiti cha mama!" wifi mtu alifoka. "Hakikaliwi!"

"Samahani," Kupe alisema, akaanza kuinuka. Hakumaliza. Alibaki hivyo, hajakaa wala hajasimama, machale yamemcheza mwili mzima. Kisha akakaa tena, safari hii kwa makusudi, mgongo ukaegemea pale pale palipobonyea.

"Mama Shira," aliita. "Rudia. Fanya kama unapika, kuanzia kuchuma."

"Tena?"

"Tena! Mbio!"

Mama Shira alitoka mlango wa nyuma na bakuli. Kupe, kupitia dirisha la koridoni, alimwona akikata uwanja kuelekea kwenye uzio, na uzio wenyewe ulikuwa umejaa maua ya rangi ya waridi kutoka mwanzo hadi mwisho, yamefumuka, yanapendeza. Karibu na uzio mwanamke akapotea nyuma ya tangi. Akarudi, bakuli limejaa. Waridi lenyewe halikuonekana hata jani moja.

Akaingia jikoni. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi nusu, na hapo alipokaa Kupe aliona jiko, sufuria, kopo la sukari na kile kitambaa cha kuchujia.

"Uko wapi sasa?"

"Niko hapa nakata vitako!"

"Sikuoni! Endelea!"

Mama Shira akajitokeza jikoni, akajifanya anamimina maji, anafunika, anachuja, anakoroga. Kila kitu Kupe alikiona. Kisha akaepua sufuria, akapotea tena nyuma ya mlango.

"Na sasa?"

"Nakamua ndimu!"

Kupe aliruka kutoka kwenye kiti, nusura kimfuate. "Koplo! Nani anakaa hapa?"

"Si amesema ni cha mama yake, afande."

"Kwa siku anakaa muda gani?"

"Kutwa," Mama Shira alijibu kutoka jikoni, sauti imeanza kubadilika. "Tangu niliposhika hili jiko. Anakaa hapo ananitazama. Nilidhani ananitafutia makosa."

"Alikuwa anajifunza!" Kupe alikuwa anazungumza kwa kasi, mikono ikienda huku na huku. "Mnaona? Kwenye ile chupa hamna vitako vilivyokatwa, kwa sababu kutoka hapa mkasi hauonekani. Hamna ndimu, kwa sababu ndimu haionekani. Kila kinachoonekana kutoka kwenye kiti hiki kimefanyika, na kila kisichoonekana hakikufanyika! Na maua, jamani, maua! Mtu akikaa hapa anaona nini? Anaona mkwe wake anakwenda kwenye uzio na kurudi na maua ya rangi hiyo hiyo!"

Wifi mtu alisimama wima. "Unataka kusema mama yangu amejiua?"

"Nasema mama yako amepika. Niambie wewe, kitu kichungu namna ile, nani atamaliza glasi nzima? Mgeni angetema. Wewe ungetema, mimi ningetema. Anayejilazimisha mpaka tone la mwisho ni yule aliyeipika mwenyewe, na hataki kukubali kwamba imemshinda."

Wote walikigeukia kile kiti. Kisha wifi mtu, polepole, akasema, "Huyo ni mama kabisa."

"Chumba chake kipi?"

Walikimbia wote wanne, wakabanana mlangoni. Kupe alipiga magoti, akainua shuka, akamulika uvunguni. Masanduku, ndala, mkeka uliokunjwa, na kwa ndani kabisa sufuria ndogo iliyoviringishwa taulo, imefichwa vizuri kuliko vitu vyote vya chumba hicho. Koplo alinyoosha mkono.

"Usiguse mikono mitupu!" Kupe alimpiga kofi kiganjani. Akavaa glovu, akaivuta, akafunua. Chini kulikuwa na petali zilizovurugika, na ubavuni pamenata jani moja, jembamba, refu, gumu. Mama Shira alilitazama akatikisa kichwa. Jani la waridi ni fupi, lina meno pembeni. Hili halikuwa nayo.

Kupe alishuka uwanjani mbio na sufuria mkononi, wenzake nyuma. Kwenye uzio alilinganisha jani na jani, ua na ua. Vilifanana. Akapiga picha, akaituma, akapiga simu kabla picha haijafika.

"Daktari! Mti wa uzio, mrefu kama mtu, maua ya waridi, majani membamba marefu yamekaa matatu matatu. Aliyapika akanywa. Angalia picha!"

Picha ikafika. Kisha sauti ya daktari ikapasuka. "Oleanda! Ni oleanda, hiyo inatia sumu kuanzia ua mpaka mzizi, na ni chungu kama shubiri, alimalizaje glasi? Basi, basi, kata simu, kata niwapigie hospitali kuu!"

Kupe akakata. Akaegemea tangi la maji. Wifi mtu alikuwa ameshika simu yake, akisoma ujumbe aliokuwa amemtumia kaka yake mchana ule kumwambia mkeo muuaji, mfukuze. Aliusoma, akautazama mgongo wa Mama Shira, akaanza kuandika mwingine, akafuta, akaandika tena. Giza lilipoanza kuingia, daktari alituma habari kwamba dawa imefika na mapigo yameacha kushuka. Koplo alipiga kelele za furaha mpaka majirani wakachungulia.

Ila furaha haifungi jalada. Mkuu wa kituo aliwaka. Nadharia ya kiti, alisema, utampelekea hakimu yupi? Sufuria inaweza kufichwa na yeyote, uvunguni anaweza kuingia yeyote. Bibi mwenyewe akiamka akasema alipika, sawa. Akisema hakupika, au akinyamaza, Mama Shira anavaa pingu na Kupe anahamishiwa kwenye kesi za kuku.

Kwa hiyo asubuhi walikuwa wodini, wanawake watatu kuzunguka kitanda kimoja, Koplo mlangoni. Mama mkwe alikuwa amefumbua macho. Uso ulikuwa umenywea, nywele nyeupe zimesimama upande mmoja, lakini macho yenyewe yalikuwa makali, na yalipita kwa kila mmoja bila haraka.

Kupe alivuta kiti. Mtu aliyeficha sufuria uvunguni ili mkwe wake asijue kwamba ameiga, je, leo atasema mbele ya polisi, mbele ya binti yake, mbele ya mkwe mwenyewe?

"Shikamoo mama. Mimi ni polisi. Nina swali moja tu. Ile shira ya kwenye chupa, aliipika nani?"

Mama mkwe aligeuza uso ukutani.

"Mama," wifi mtu alisema, akamshika mkono. "Useme tu kweli."

Mama Shira alikuwa amesimama miguuni mwa kitanda, vidole vimeshikamana, na machozi yanamtiririka bila ya yeye kuyafuta. Hakuomba. Hata Kupe, aliyezoea kuona watu wakiomba, alitamani aombe.

Mama mkwe akageuka, akamtazama mkwe wake, siyo polisi wala binti yake, akakunja uso kwa hasira ya mtu aliyeshindwa na kitu kidogo.

"Nimekosea wapi?" aliuliza.

Koplo aliachia pumzi iliyosikika mpaka kwenye kitanda cha jirani. Kupe alifumba macho. Mama Shira alifunika mdomo kwa mkono, na kilichotoka hapo kilikuwa kicheko na kilio kwa pamoja, hakitenganishiki.

"Kila mahali, mama," alisema. "Umekosea kila mahali."

"Basi anza na la kwanza," mama mkwe alisema, akajivuta upande kidogo kidogo, na mipira ya dripu ikimfuata, ili mkwe wake apate pa kukaa.